Nimepunguzwa kazini, kisha mwajiri yuleyule ananipa kazi nyingine. Nikikataa, kiinua mgongo kinapotea?

Bandiko 1. Mtunza Leja (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu. Naomba mawazo yenu katika jambo lililoninyima usingizi tangu Jumatatu.

Nimekuwa mtunza stoo katika kampuni moja ya kusambaza vyakula hapa Dar es Salaam kwa miaka 9 na miezi 4. Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha nusu saa, tukaelezwa kwamba kampuni imenunua mfumo wa kompyuta wa kusimamia mizigo, na kwamba kati ya watunza stoo 6 watabaki 2. Siku chache baadaye nilikabidhiwa barua ya kupunguzwa kazini yenye notisi ya siku 28, ikieleza kwamba nitalipwa kiinua mgongo pamoja na siku za likizo nilizobakiza. Niliumia, lakini nilikubali yaishe, nikaanza kupanga maisha mengine.

Siku ya 17 ya notisi, ofisi ya rasilimali watu imeniita na kunikabidhi bahasha ya pili. Safari hii wananipa kazi ya msimamizi wa mapokezi ya mizigo katika ghala jipya la Dodoma. Mshahara wangu wa msingi kwa sasa ni shilingi 650,000, na huko ni 520,000. Mkataba wangu wa sasa hauna kikomo, na huo mpya ni wa mwaka 1. Nina mtoto wa darasa la saba anayefanya mtihani wa taifa mwaka huu, na mume wangu ana karakana ya kuchomelea vyuma Tabata, ambayo haihamishiki. Nimepewa hadi Ijumaa niwe nimejibu. Nilipouliza itakuwaje nikikataa, niliambiwa kwa mdomo kwamba anayekataa kazi hana kiinua mgongo, na kwamba ndivyo sheria inavyosema.

Je, ni kweli? Na kwa nini mtu aniambie sihitajiki, halafu kabla hata notisi haijaisha aniambie nahitajika kilomita mia nne na zaidi kutoka nyumbani kwangu?

Bandiko 2. Kipanga wa Tandale

Pole sana, dada. Mimi naona barua ya pili haikuandikwa ili uipate kazi, iliandikwa ili uikatae. Wamekaa, wakajumlisha viinua mgongo vya watu 4, wakatafuta kazi ambayo mama mwenye mtoto wa darasa la saba hawezi kuipokea. Ukishasema hapana, wanaandika kwenye faili kwamba umekataa, na deni limefutika.

Sisemi kwa kubahatisha. Katika kiwanda nilichofanya kazi miaka ya nyuma, wenzetu wa idara ya ufungashaji walipunguzwa, kisha wakapewa kazi ya ulinzi wa usiku. Wote walikuwa wanawake, na kituo cha mwisho cha daladala kiko mbali na lango. Hakuna hata mmoja aliyekubali, na hakuna hata mmoja aliyelipwa.

Bandiko 3. Mama Nuru

Kipanga, wewe kila uzi unaona mtego, na safari hii nadhani umeuona mahali ambapo haupo. Hebu tupige hesabu. Shilingi 650,000 ugawe kwa siku 30, uzidishe kwa siku 7, kisha kwa miaka 9, unapata 1,365,000. Kampuni yenye maghala katika mikoa miwili haiwezi kusuka njama ya namna hiyo kwa ajili ya fedha hizo.

Mimi nina maelezo mengine. Nilikuwa mhasibu msaidizi katika duka la jumla lililoweka mfumo kama huo. Wiki ya pili, mfumo ulionyesha kwamba tuna mafuta ya kupikia hasi 40, ilhali katoni tunaziona zimepangwa mbele yetu. Tulihangaika siku tatu. Mwishowe tukampigia simu mtunza stoo wa zamani, aliyekuwa amekwisha kuondolewa. Alikuja na kadi zake za stoo, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameliona tatizo: mzigo uliingizwa kwa katoni, mauzo yakaingizwa kwa chupa. Ziliingia katoni 10, zikauzwa chupa 50, mfumo ukatoa 50 kwenye 10. Kwa kuwa kila katoni ilikuwa na chupa 12, ukweli ni kwamba zilibaki chupa 70. Juma lililofuata yule mzee alirudishwa kazini.

Mleta uzi, yawezekana kabisa kwamba wameanza kuona hasi zao.

Bandiko 4. Wakili wa Mtaa

Nijibu swali lenyewe kabla hatujaenda mbali.

Aliyekuambia hivyo amesema nusu ya ukweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 42 (natumia namba za toleo la 2019), inampa mfanyakazi aliyetumikia angalau miezi 12 mfululizo kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi kikomo cha miaka 10. Kifungu hichohicho kinamnyima haki hiyo mtu aliyeachishwa kwa sababu za uendeshaji, ambaye anakataa ajira mbadala pasipo sababu ya msingi. Uzito wote wa kesi yako umelala kwenye maneno hayo ya mwisho. Kukataa peke yake hakukunyimi kitu. Kinachokunyima ni kukataa kusiko na sababu ya maana, na hilo si afisa rasilimali watu anayeliamua, likiwa na mgogoro linaamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Pia elewa kwamba hata ukikosa kiinua mgongo, madai mengine hayaguswi. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyobakiza na cheti cha utumishi vinabaki kuwa haki yako. Barua yako ya kwanza ilikuahidi baadhi ya hayo, lakini hata isingekuahidi ungeyadai.

Bandiko 5. Mzee wa Tawi

Namshukuru Wakili. Nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka 11 kabla ya kustaafu, na naomba kurekebisha hesabu ya Mama Nuru, kwa sababu kosa hilo limewapunja watu wengi.

Jedwali la kwanza la sheria hiyo linasema mshahara wa mwezi ukitafutiwa wa siku, unagawanywa kwa 4.333 na kwa idadi ya siku za kazi katika wiki. Mtu wa stoo anayefanya kazi siku 6 kwa wiki anagawanyiwa 26, hagawanyiwi 30. Kwa hiyo ni shilingi 25,000 kwa siku, 175,000 kwa kila mwaka, na 1,575,000 kwa miaka 9. Miezi 4 haihesabiwi, kwa kuwa sheria inataka mwaka uliokamilika. Tofauti na hesabu yako ni shilingi 210,000, na kwa mtu aliyeondolewa kazini hiyo ni kodi ya chumba.

Tena hizo siku 7 ndiyo sakafu. Mahali penye mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama, kiwango huwa kikubwa zaidi. Dada, je, kampuni yenu ina tawi la TUICO au chama kingine? Hilo lingebadilisha mengi.

Bandiko 6. Mama Nuru

Nimekubali, Mzee wa Tawi, na ahsante kwa kunisahihisha. Lakini hata 1,575,000 haibadilishi hoja yangu kuhusu njama.

Bandiko 7. Kipanga wa Tandale

Zidisha kwa watu 4, Mama Nuru, kisha uongeze wale wa idara nyingine ambao mleta uzi hajawataja. Na ukumbuke kwamba mwajiri huwa haangalii ukubwa wa fedha pekee. Akilipa leo, atalipa na kesho watakapopunguzwa madereva.

Bandiko 8. Binti Changamwe

Hamjambo. Mimi nafuatilia kutoka Mombasa, na nimeshangaa kidogo kuona siku 7. Kwetu, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka mfanyakazi anayepunguzwa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha, na hakina kikomo cha miaka 10. Tena chama cha wafanyakazi na afisa wa leba lazima wapewe taarifa angalau mwezi mmoja kabla. Kifungu hicho hakina maneno ya kumnyima malipo mtu aliyekataa kazi mbadala. Dadangu alipopunguzwa katika hoteli moja ya pwani alipewa nafasi ya jikoni katika tawi la bara, akakataa, na akalipwa siku zake 15 mara miaka 6.

Swali langu kwa Wakili wa Mtaa: ni nani hasa anayesema sababu hii ni ya msingi na ile si ya msingi? Kwa sababu mtoto wa darasa la saba ni sababu kubwa kwangu, lakini huenda mwamuzi akaona watoto husoma popote.

Bandiko 9. Wakili wa Mtaa

Swali zuri, na ndipo ugumu ulipo, maana sheria haikutoa orodha. Mwamuzi huangalia ofa yenyewe na hali ya mtu aliyepewa. Katika ofa huangalia mshahara, cheo, aina ya kazi, mahali na uhakika wa ajira. Katika hali ya mtu huangalia familia, afya na muda aliopewa kufikiri. Kwa mleta uzi, mshahara umeshuka kwa shilingi 130,000, yaani asilimia 20 kamili. Mkataba umegeuka kutoka usio na kikomo na kuwa wa mwaka 1. Mahali ni mkoa mwingine, na siku za kujibu hazifiki hata 5. Mimi ningejisikia vizuri kuisimamia kesi hiyo mbele ya Tume, ingawa siwezi kumwahidi mtu ushindi.

Ila sababu hizo ziandikwe sasa. Mtu anayesema "hapana" kwa simu, kisha baada ya miezi miwili anamweleza mwamuzi habari za mtihani wa mtoto, anaonekana kama ametunga.

Bandiko 10. Mwana Kahama

Ndugu zangu, naona wengi mnamsukuma dada huyu akatae, nami naomba nitoe ushuhuda wa upande wa pili.

Nilipunguzwa kazi ya fundi mitambo migodini, na wiki mbili baadaye mwajiri wangu akanipa kazi ya karani wa vipuri kwa mshahara uliopungua kwa karibu theluthi moja. Niliona nimedhalilishwa. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba heshima haipikwi. Nilikubali. Kwa mwaka mmoja nilijifunza mfumo wa vipuri ambao mafundi wenzangu hawakuujua, na leo ninasimamia stoo nzima ya vipuri kwa kampuni nyingine, kwa mshahara unaozidi ule wa kwanza. Wenzangu waliochukua kiinua mgongo walikimaliza kabla ya miezi 4. Wawili walirudi kijijini, na mmoja bado ananipigia simu kuuliza kama kuna nafasi.

Sisemi sheria si muhimu. Nasema kwamba 1,575,000 ni kama miezi mitatu ya huo mshahara mdogo wa 520,000, na kazi mpya hupatikana kwa shida.

Bandiko 11. Fundi Baridi

Mwana Kahama amesema kweli kuhusu ugumu wa kupata kazi, lakini kuna jambo hajaligusa, na ndilo lililoniponza.

Mimi nilipunguzwa katika karakana moja ya majokofu. Siku ya mwisho meneja alinishika bega, akasema, "Kaa karibu na simu, mwezi ujao tutakuita kwa mkataba mpya." Niliamini. Sikwenda popote, wala sikulalamika juu ya malipo yaliyopungua, kwa sababu niliogopa kuonekana mkorofi kwa mtu aliyeniahidi kazi. Mwezi ukapita, ukafuata wa pili. Nilipokwenda ofisi za Tume niliulizwa tarehe ya barua, kisha yule karani akaigeuza kalenda iliyokuwa mezani kwake, akahesabu kwa kalamu, siku moja baada ya nyingine, hadi akapita alama ya 30. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa ndani ya siku 30. Niliomba kuongezewa muda, nikaulizwa ahadi ya meneja iko wapi kwa maandishi. Bega langu halikuwa na maandishi.

Mleta uzi, mazungumzo ya kazi mpya hayasimamishi kalenda hiyo.

Bandiko 12. Mtunza Leja (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nimesoma kila bandiko, lile la Fundi Baridi mara mbili.

Mzee wa Tawi, kulikuwa na tawi la chama, lakini katibu wake alihamia kampuni nyingine miaka mitatu iliyopita na hakuchaguliwa mwingine. Mwana Kahama, maneno ya mkeo yamenigusa, kwa sababu mume wangu ameniambia karibu hayohayo, ingawa yeye ndiye atakayebaki Tabata na watoto.

Baada ya kusoma maelezo ya Wakili, nimekaa chini na kuusoma ule mkataba mpya neno kwa neno, jambo ambalo sikulifanya siku ile kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka. Nimeona kitu ambacho sikukitarajia. Juu ya karatasi kuna nembo ileile ninayoijua. Lakini katika aya ya kwanza, mahali palipoandikwa "mwajiri", jina la kampuni si letu. Ni kampuni nyingine ambayo najua ni ya wamiliki walewale, kwa sababu malori yake huegeshwa uwanjani kwetu. Je, hili lina maana yoyote?

Bandiko 13. Wakili wa Mtaa

Lina maana kubwa, na nashukuru umeliona kabla ya Ijumaa.

Kwanza, lisikudanganye kwamba ofa imebatilika. Kifungu cha 42 kinataja ajira mbadala kwa mwajiri yuleyule au kwa mwajiri mwingine yeyote, hivyo wanaweza kudai kwamba hiyo nayo ni ajira mbadala. Pili, na hapa ndipo ninapoona hatari, kifungu cha 35 kinasema kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, iwe ni chini ya mkataba mmoja au zaidi. Kama ungebaki kwa kampuni yako, miaka yako 9 ingekulinda hata chini ya mkataba mpya. Ukiingia kampuni nyingine bila maandishi yanayotambua utumishi wako, utakuwa mgeni kuanzia siku ya kwanza. Wakikuondoa ukiwa umefanya kazi kwao miezi mitano tu, huna pa kushika.

Bandiko 14. Kipanga wa Tandale

Mama Nuru, hii nayo utasema ni hasi za mfumo?

Bandiko 15. Mama Nuru

Nitasema huenda ni mambo ya kawaida ya kampuni zenye matawi, Kipanga. Ghala la Dodoma likisajiliwa kwa jina jingine kwa sababu za kodi au mkopo wa benki, watumishi wake wataandikiwa mikataba kwa jina hilo. Nimeandaa mishahara ya namna hiyo mwenyewe. Lakini nakubali kwamba mwajiri mwenye nia njema angemweleza, asingeacha agundue usiku akiwa peke yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba asikatae wala asikubali Ijumaa. Aandike barua ya kuuliza: kama miaka 9 itahamishwa na kutambuliwa na mwajiri mpya, kama siyo basi kiinua mgongo cha kampuni ya zamani kilipwe kwanza, gharama za kuhama atalipa nani, na kama kuna nafasi ya kuanza baada ya mtihani wa mtoto. Barua ya maswali si kukataa. Majibu yao yatatuonyesha nani kati yetu alikuwa sahihi.

Bandiko 16. Msafiri wa Leicester

Salaam kutoka Uingereza, ambako nimefanya kazi za maghala kwa miaka 14 na kupunguzwa mara mbili.

Huku jambo hili lina utaratibu ambao ningependa uigwe na huko. Kwa Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996, mtu aliyepunguzwa akipewa kazi nyingine yenye masharti tofauti, kwa mwajiri yuleyule au kampuni dada, ana wiki 4 za kuijaribu. Akiona haimfai kwa sababu za maana, anaondoka na malipo yake ya kupunguzwa kama kawaida, mradi alikuwa ametimiza miaka 2 ya utumishi. Akikataa kazi inayomfaa bila sababu ya maana, anayapoteza, kama ilivyo huko. Mara ya pili nilipopunguzwa niliijaribu kazi ya zamu ya usiku. Siku ya 19 niliandika kwamba mgongo umeshindwa, nikalipwa.

Je, Tanzania hakuna kitu kama hicho?

Bandiko 17. Wakili wa Mtaa

Sheria yetu haikuweka kipindi cha kujaribu cha namna hiyo, lakini hakuna kinachozuia pande mbili kukubaliana kwa maandishi. Mleta uzi anaweza kuliongeza katika barua ambayo Mama Nuru ameishauri: kwamba yuko tayari kwenda Dodoma kwa wiki 4, na akishindwa, haki zake za barua ya kwanza zibaki palepale. Asifanye hivyo kwa maneno matupu.

Nikumbushe pia kwamba sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, hivyo yeyote atakayechapisha kifungu kutoka mtandaoni ahakikishe anasoma toleo la sasa.

Bandiko 18. Mzee wa Tawi

Naona wote tumekimbilia barua ya pili na kuisahau ya kwanza.

Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe maelezo yote yanayohusika, na ashauriane nao kabla ya kuamua: kwa nini anapunguza, nini kifanyike kuepuka au kupunguza idadi, nani achaguliwe na kwa vigezo gani, lini, na malipo ni kiasi gani. Kuwapeleka watu kwenye ghala jingine ni njia mojawapo ya kuepuka kupunguza, na mahali pake ni katika mashauriano hayo, kabla ya barua. Sasa mleta uzi ametuambia kwamba kikao kilikuwa cha nusu saa na walielezwa kwamba watabaki 2. Huko ni kusomewa uamuzi. Katika miaka yangu 11 nilikaa kwenye mashauriano yaliyochukua wiki tatu, tukaokoa nafasi 9 kati ya 20, na hakuna aliyesoma barua kabla ya kusikilizwa.

Dada, kwenye kikao kile, je, Dodoma ilitajwa? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko hesabu zetu zote za siku 7.

Bandiko 19. Mwana Kahama

Mzee, kwa heshima zote, mashauriano hayakumlishi mtu. Ila hilo la kampuni nyingine limenitia shaka hata mimi. Mimi nilibaki kwa mwajiri yuleyule, na namba yangu ya utumishi haikubadilika.

Bandiko 20. Fundi Baridi

Na kuhusu mafao ya NSSF, naomba aliye na uhakika atusaidie. Nilisikia kwamba aliyeachishwa kazi hulipwa sehemu ya mshahara kwa miezi kadhaa.

Bandiko 21. Mzee wa Tawi

Ni kweli, Fundi. Lipo fao la kukosa ajira, ambalo kwa mwanachama aliyechangia si chini ya miezi 18 ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Sharti lake kubwa ni kwamba ajira iwe imekoma bila mtu kuacha kazi kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo, nawasihi wote mnaosoma hapa: msiweke saini kwenye barua yoyote ya kuacha kazi, hata mkiambiwa ni utaratibu tu.

Bandiko 22. Mtunza Leja (mleta uzi)

Mzee wa Tawi, nimesoma bandiko lako nikiwa na bahasha mkononi, na nimelazimika kuifungua tena.

Nyuma ya mkataba mpya kuna karatasi ya tatu. Niliidhani ni nakala. Ina mistari minne, imechapwa tayari, jina langu limeandikwa kwa usahihi, na inasema kwamba mimi ninaacha kazi kwa hiari yangu ili kujiunga na mwajiri mpya, na kwamba sina madai yoyote. Mahali pa saini pamewekewa alama ndogo ya penseli ili nisikose pa kusaini.

Na jibu la swali lako ni kwamba Dodoma haikutajwa kikaoni. Niliandika yote yaliyosemwa siku ile nyuma ya kadi ya stoo ya sukari, kwa sababu ndiyo karatasi niliyokuwa nayo. Nimeisoma tena sasa hivi. Neno hilo halipo.

Bandiko 23. Kipanga wa Tandale

Sina la kuongeza, dada. Usisaini.

Bandiko 24. Mama Nuru

Naungana na Kipanga kwenye kutosaini, ingawa bado siwezi kuapa kwamba ni hila. Nimeona maofisa wanaobeba fomu za zamani za uhamisho na kuzibandika kila mahali bila kuzisoma. Lakini alama ile ya penseli imenisikitisha sana. Mtu alikaa akaichora.

Bandiko 25. Wakili wa Mtaa

Iwe hila au uzembe, athari yake kisheria ni ileile. Ukiisaini, kampuni itasema hukupunguzwa, uliondoka. Kiinua mgongo kitaingia kwenye mgogoro, na fao la NSSF hali kadhalika. Piga picha karatasi zote tatu pamoja na bahasha leo usiku. Barua ya maswali iwasilishe kabla ya Ijumaa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku 30 anza kuzihesabu tangu tarehe ambayo ajira yako inakoma kwa mujibu wa barua ya kwanza, na kwa usalama zihesabu kana kwamba ni 20.

Bandiko 26. Mtunza Leja (mleta uzi)

Nimeshapiga picha. Barua nimeiandika na mume wangu ameisoma, akaniambia niondoe sentensi mbili za hasira, nami nimeziondoa. Nimeuliza yale manne ya Mama Nuru na nimeomba wiki 4 kama alivyoeleza Msafiri. Kuhusu karatasi ya tatu nimeandika tu kwamba naomba kuelezwa sababu ya kuwekwa kwake. Nitaipeleka kesho saa mbili asubuhi, kabla meneja hajatoka kwenda bandarini.

Kusema kweli, kama watajibu kwamba miaka yangu inatambuliwa, huenda nikaenda. Ile kazi ya mapokezi naiweza na ninaipenda.

Bandiko 27. Mgeni Humu

Samahanini kwa kuingia mwishoni, nimejiunga usiku huu kwa ajili ya uzi huu tu. Mleta uzi, kama ghala lenu ni lile lenye mwembe pembeni ya mizani, basi tunafahamiana, na mimi ni mmoja wa wale 4.

Mimi nina miaka 12 pale, na sikupewa bahasha ya pili. Niliuliza wiki iliyopita kama kuna nafasi yoyote katika kampuni, nikaambiwa hakuna hata moja. Sijui kwa nini wamekuita wewe na hawakuniita mimi, na sina kinyongo nawe. Lakini kuna jambo Mzee wa Tawi atapenda kulijua. Tangazo la nafasi tatu za Dodoma lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mizani kabla ya kile kikao chetu. Nalikumbuka kwa sababu nilimsomea dereva mmoja ambaye alikuwa amesahau miwani. Liliondolewa asubuhi ya siku ya kikao, na pini zake nne bado ziko pale ubaoni.

Usiipeleke barua hiyo kabla hatujazungumza. Nitafute kwenye ujumbe wa faragha, niko macho.